Vumbi ya kiasi gani haiumizi kifua?

Kila kiangazi, vumbi inapopanda hapa Kalemie, ulizo moja linarudi katika familia za wachimbaji: mutu anaweza kuvuta vumbi ya kiasi gani bila kuharibu kifua? Jibu la hesabu liko, lakini peke yake halitoshi.

Wataalamu wanapima miligramu za vumbi katika hewa ya mita moja kila upande. Kwa siku ya kazi ya saa 8, Marekani iliweka mwaka 2016 kipimo cha 0,05 kwa silika, ile vumbi inayotoka katika jiwe gumu likitobolewa. Kwa vumbi ya pamba katika kusokota nyuzi, iliweka 0,2 tangu 1978. Wazee waliofanya kazi Filtisaf, kiwanda chetu cha nguo, wanaijua vumbi ile: ulimwenguni inajulikana kwa kubana kifua siku mutu anaporudi kazini kisha mapumziko.

Lakini kuna vumbi ingine inayofundisha mwili kuikataa. Hiyo ndiyo alerji. Kobalti ni mufano. Uingereza imeiwekea kipimo cha 0,1, na tena imeiandika kati ya vitu vinavyoweza kuleta asima. Mutu anafanya kazi miezi ao miaka bila shida, kisha siku moja mwili unaanza kukataa. Kuanzia pale, hata vumbi kidogo, chini ya kipimo, inaweza kumufunga pumzi, na mwenzake pembeni hasikii kitu. Huyo si muvivu, wala hakulogwa.

Tena, kipimo cha kazini kinahesabu saa 8 za mutu mukubwa. Mutoto anayecheza chini nyumbani, nani anamuhesabia? Kule Kasulo, mutaa wa Kolwezi, watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kama vumbi iliingia manyumbani, na watoto ndio walikuwa na kobalti mingi zaidi katika mukojo.

Kwa hiyo tuchukue kipimo kama ukuta wa mwisho, si ruhusa ya kuvuta vumbi mpaka pale. Kwanza maji: kulowesha jiwe mbele ya kutoboa na kuponda, kumwanga maji mbele ya kufagia. Nguo za kazi zibaki kazini. Zikifika nyumbani, mama asizikung'ute, azitie ndani ya maji kwanza. Kitambaa puani hakizuizi vumbi ndogo ya silika.

Muangalie alama hii: kikohozi ao kifua kinacholia siku za kazi, na kupoa siku za mapumziko. Ukiiona, usingoje. Mwambie muganga kazi unayofanya na vumbi unayovuta, juu dawa peke yake haitasaidia sana ukirudi katika vumbi ile ile.

Sheria ya kazi ya 2002 inaomba kampuni ziwe na komite ya usafi na usalama. Kule iko, wafanyakazi waulize: vumbi ilipimwa lini, na namba ni ngapi? Katika kooperative, wachimbaji wenyewe wanaweza kupatana juu ya maji na nguo. Hiyo haiombi mashine.