Watoto wa Shule Mbele ya Sanamu: Nani Awaarifu Wazazi?

Katika nchi nyingi walimu huwapeleka wanafunzi wao kutazama picha na sanamu zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Ni desturi njema, kwani mtoto hujifunza kwa macho yake mambo ambayo kitabu hakiwezi kumweleza. Lakini katika majumba hayo zimo pia sanamu za watu wasiovaa nguo, na picha za vita, za mauaji na za mateso. Je, yafaa wazazi na watoto waarifiwe kabla ya safari?

Habari mbili kutoka Marekani

Mwezi wa Aprili 2006, mwalimu mmoja wa mji wa Frisco, katika jimbo la Texas, aliwaongoza watoto 89 wa darasa la tano mpaka jumba la makumbusho ya sanaa la Dallas. Mkuu wa shule alikuwa ameikubali safari hiyo, na walimu wengine wanne pamoja na wazazi kadhaa walifuatana nao. Baadaye mzazi mmoja alilalamika kwamba mtoto wake ameona sanamu iliyo uchi. Mwaka huohuo mwalimu alisimamishwa kazi, akaambiwa kwamba mkataba wake hautafanywa upya. Wakubwa wa shule walisema ziko na sababu nyingine. Hata hivyo, mtu aliyefundisha miaka 28 alitoka katika kazi yake kwa huzuni.

Mwezi wa Machi 2023 jambo la namna hiyo lilitokea Tallahassee, katika jimbo la Florida. Watoto wa darasa la sita walionyeshwa darasani picha ya Daudi, sanamu iliyochongwa na Michelangelo kati ya 1501 na 1504. Mwaka uliotangulia wazazi walikuwa wamepelekewa barua ya kuwaarifu. Safari hii barua haikutumwa. Wazazi wachache wakanung'unika, na mkuu wa shule akaacha kazi. Tuangalie vema: baadhi ya wazazi hao hawakuichukia sanamu yenyewe. Waliudhika kwa sababu hawakuambiwa.

Kanisa na sanamu

Shauri hili si geni katika Kanisa. Mwaka 1541 Michelangelo alimaliza kuchora Hukumu ya Mwisho katika Kapela ya Sisto huko Vatikano. Wengi walisifu, wengine walikasirika kuona miili isiyofunikwa mahali patakatifu. Mwezi wa Desemba 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza kwamba sanamu za kanisani zisiwe na lolote la kuamsha tamaa mbaya. Ndipo Daniele da Volterra alipopewa kazi ya kuchora nguo juu ya baadhi ya miili ile.

Zaidi ya miaka mia nne baadaye picha ile ilisafishwa, na baadhi ya nguo zilizoongezwa zikaondolewa, nyingine zikaachwa. Tarehe 8 Aprili 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliadhimisha Misa humo, akaeleza kwamba mwili wa binadamu, ulioumbwa na Mungu, una heshima na uzuri wake. Basi, mwili si kitu kichafu. Lakini jicho la mtoto lahitaji kufundishwa kuutazama kwa heshima, na mafundisho hayo huanza nyumbani.

Yafaa kufanya nini?

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Mwalimu huwasaidia, hachukui nafasi yao. Kwa hiyo inafaa mwalimu alitembelee jumba kwanza, apite chumba kwa chumba, kisha awaandikie wazazi waziwazi: tutaona nini, kwa sababu gani, na mtoto asiyeruhusiwa atafanya kazi gani siku hiyo. Barua ya namna hiyo humlinda mtoto, na humlinda mwalimu pia.

Wala tusifikiri juu ya uchi peke yake. Kwetu Kongo wako watoto waliokimbia vita na kuona damu ya ndugu zao. Mtoto wa namna hiyo akisimamishwa ghafula mbele ya picha ya mauaji, aweza kutetemeka huku wenzake wanatazama tu. Aambiwe mapema, na aruhusiwe kutoka bila kuchekwa.

Nanyi wazazi, mkipata barua ya mwalimu, msikatae upesi kwa hofu. Ulizeni, kisha zungumzeni na mtoto wenu. Kuonya si kukataza. Ni kumwandaa mtu kwa jambo atakaloliona. Mkiwa na neno la kulalamika, mwendeeni kwanza mwalimu mwenyewe, kama Injili inavyotufundisha kumwendea ndugu yetu.

Nanyi wanafunzi, mtakapoingia katika jumba la sanaa, acheni kicheko cha kipumbavu. Mkiona jambo linalowatia aibu au woga, mwambieni mwalimu, na jioni waelezeni baba na mama. Mtoto anayeweza kuwaeleza wazazi wake yote aliyoyaona amekwisha kupata ulinzi mkubwa.