Si jino, buda: Saratani inayofurisha taya za watoi wa Ndhiwa, na jeni iliyo nyuma yake

Septemba 13, 2019, macamera zilijaa Ndhiwa. Watoi walikuwa wanadungwa chanjo ya malaria, Kenya ikiwa nchi ya tatu kuianza baada ya Malawi na Ghana. Stori siku hiyo ilikuwa mbu na homa. Lakini kuna kitu kingine malaria hufanya hizi sides za ziwa, na mathe wengi hukiona kwanza kama jino bovu.

Kinaitwa limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya seli za damu zinazotengeneza kingamwili, na inashika sana watoi wa miaka 5 hadi 7 hivi, wale wanaokaa mahali malaria haiendi likizo. Nyanza yetu iko ndani kabisa. Taya inafura, meno inaanza kucheza, saa zingine ni tumbo ndiyo inavimba. Mtoi anapelekwa kung'olewa jino, anapewa antibiotiki, wiki mbili zimeisha. Na hapo ndio noma: hizi seli zinaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili tu. Ni kati ya saratani zinazokua mbio zaidi kwa binadamu.

Jina limetoka kwa Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliyeandika kuhusu hizo taya 1958. 1961 akaingia gari kuukuu na wasee wawili, wakasota hadi Afrika Kusini wakiuliza kila hospitali kama wameona uvimbe kama huo. Ramani yake ikafuata joto na mvua, yaani ikafuata mbu. 1964, sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London zikaonyesha kirusi ndani ya seli, kile tunaita EBV. Sasa usipanic, karibu kila mtu mzima anacho, hata wewe unayesoma hii. Kirusi peke yake haitoshi.

Kitu ya tatu ni jeni. Miaka ya sabini wanasayansi walipata kwamba kwa hizi seli, kromosomu ya 8 na ya 14 huwa zimevunjika na kubadilishana vipande. Jeni inaitwa MYC, ambayo kazi yake ni kuambia seli "gawanyika", inajipata imepandwa kando ya jeni ya kingamwili, ambayo kwa seli hizo huwa on masaa yote. Ni kama matatu mguu wa dere umekwama kwa mafuta. Na malaria inaingia wapi? Inasukuma seli za kingamwili zifanye kazi bila kupumzika, na hizo seli zina wembe wao, kimeng'enya kinaitwa AID, cha kukata DNA ili kingamwili iwe kali. Ukishinda ukitumia wembe kila siku, iko siku utakata mahali si pake.

Sasa utauliza, kama tageti inajulikana tangu 1982, si wailenge tu? Imefanyika kwa saratani ingine. Kuna saratani ya damu inaitwa CML ambayo pia inatokana na kromosomu kubadilishana vipande, 9 na 22. Huko mbadilishano unazaa protini yenye kishimo, na dawa ya imatinib inaingia hapo kama ufunguo kwa kufuli. Iliidhinishwa Marekani 2001, na Wakenya wengi wameipata bure kupitia kliniki ya Nairobi Hospital. Vidonge tu, unameza unaenda job. MYC nayo haina kishimo cha maana. Ni laini, dawa inateleza. Imesumbua maabara za dunia kwa miaka 40.

Lakini hapa ndipo stori inageuka. Kwa sababu MYC inalazimisha seli zote zigawanyike mbio, zinakuwa mawindo rahisi ya kemo ya kitambo, ile inayoua seli zinazogawanyika: cyclophosphamide, vincristine, methotrexate. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka baada ya dozi chache, huko Uganda miaka ya sitini. Dawa ziko, na mtoi anaweza kupona kabisa. Kinachomwangusha ni siku zinazopotea.

Kwa hivyo kwangu mimi, kazi kubwa ya jeni huku kwetu kwa sasa ni kutambua haraka. Kuna kipimo cha kupaka MYC rangi zinazong'aa na kuangalia kama imevunjika. Inataka kipande cha uvimbe, maabara na mtaalamu. Huko Tanzania na Uganda, mradi wa AI-REAL umekuwa ukijaribu njia ya kutoa damu tu, kisha kutafuta DNA ya uvimbe na ya EBV inayoelea humo. KEMRI Kisumu na wenzao wa Marekani nao wamesoma jeni za uvimbe wa watoi wa Kenya, wakakuta zile zenye EBV zina mabadiliko machache ya jeni kuliko zisizo nayo.

Ukiwa Ndhiwa na taya ya mtoi imefura upande mmoja, meno inacheza, uliza daktari kuhusu Burkitt hiyo siku. Usingoje kliniki ya meno ya wiki ijayo. Rufaa inaenda Homa Bay, halafu Jaramogi pale Kisumu. Beba kadi zote za hospitali.