Bei ya Chemirocha

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo, alisimamisha maikrofoni Kapkatet, huku Kenya, na wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki 1933. Santuri zake zilifika kwenye gramafoni za huku, ulimi wa Kikalenjin ukalizungusha jina, na wimbo ukamfanya nusu mtu, nusu paa. Rodgers huyo huyo, Julai 1930, alirekodi Hollywood akiwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na mkewe Lil kwenye piano. Basi kijana wa Siongiroi anayetaka kutia besi na ngoma za kilabu kwenye sauti za zamani hana haja ya kuanzia New Orleans, kwenye shina la jazz. Tawi moja la mti huo liliota Kapkatet, ukishapita Sotik.

Itamgharimu nini?

Vyombo si tatizo tena. Laptopu ya mitumba inatosha, na zipo programu za bure zinazotenganisha sauti ya mwimbaji na ala zake. Gharama iko kwenye saini za ruhusa. Remiksi ya wimbo wa zamani hudai saini mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Kampuni ya rekodi ya Verve ilipotoa Verve Remixed mwaka 2002 na kuwakabidhi madijei sauti za akina Nina Simone na Billie Holiday, saini ya pili ilikuwa rahisi kwa kuwa kanda zilikuwa ghalani mwake. Kijana wetu hana ghala.

Hapa hesabu inageuka. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huilinda rekodi miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa kipimo hicho, 1950 ikijumlishwa na 50, ulinzi wa rekodi ya Kapkatet ulikwisha pamoja na mwaka 2000. Marekani haihesabu hivyo. Sheria yao ya 2018 huzipa rekodi zilizotolewa kati ya 1947 na 1956 jumla ya miaka 110. Sauti ile ile inaweza kuwa huru Siongiroi na kufungwa Los Angeles hadi miaka ya 2060, na mtandao haujui mpaka.

Utunzi nao hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 juu yake. Tuseme msichana wa mwisho kati ya waliotunga alifariki 2020: wimbo unafika 2070. Mtu akisema ni wa jamii nzima, anakutana na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Hiyo inataka ridhaa ya jamii kabla ya matumizi, na mgao wa haki baada yake. Kwa maoni yangu hii ndiyo saini ngumu kuliko zote, kwa sababu haina ofisi ya kupigia simu.

Na mapato? Spotify tangu 2024 hailipi kitu kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Ukivuka hapo, makadirio ya kawaida ni dola 0.003 hadi 0.005 kwa kila mara. Mara 100,000, ambazo kwa dijei wa kijijini ni sherehe, ni dola 300 hadi 500. Kwa shilingi 130 kwa dola, Sh39,000 hadi 65,000, kabla msambazaji hajakata chake. Asilimia 10 ikienda Kapkatet ni Sh3,900 hadi 6,500. Ukichukua kilo ya majani mabichi ya chai kwa Sh25, hizo ni kilo 156 hadi 260. (Siongiroi kwenyewe ni nchi ya maziwa zaidi kuliko chai, lakini hesabu ya kilo inaeleweka kote.)

Atatokea wa kunitajia mwanamuziki Moby. Albamu yake ya 1999, Play, iliuza zaidi ya nakala milioni 10, na ndani yake imo sauti ya Vera Hall wa Alabama. Mama huyo alikuwa amefariki tangu 1964. Ni bahati nasibu, na aliyeimba hakuwepo siku ya kutangazwa mshindi.

Mfano wa karibu zaidi ni lebo ya Beating Heart ya Uingereza. Tangu 2016 imewapa madijei rekodi za Tracey, ikianza na za Malawi, kwa makubaliano na maktaba ya muziki ya ILAM iliyoko Makhanda, Afrika Kusini, na sehemu ya mapato ikaelekezwa kwenye bustani za chakula huko Malawi. Mfululizo wa Tracey una santuri 210, kwa hiyo malighafi haitaisha kesho.

Kapkatet yenyewe ilisubiri takriban miaka 65 kabla ya ILAM, Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells kuirudishia sauti zake. Baadhi ya waliorekodiwa walikutwa hai, wakiwa wazee. Kijana wa Siongiroi angefika kwao kwa nauli ya matatu, na hiyo ndiyo gharama ndogo kuliko zote kwenye karatasi yake. Aitangulize, kabla ya ile mara ya 1,000.