Kompyuta Mpakato Inayochemka na Kuzimika Ghafla

Mwenye kompyuta mpakato ya miaka mingi inayochemka na kuzimika huambiwa upesi kwamba ubao mama umeharibika. Tunakushauri usikubali gharama hiyo kabla feni haijakaguliwa. Prosesa nyingi hupunguza kasi, kisha hujizima, joto linapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi. Kuzimika huko ni kinga, si lazima kuwe dalili ya kuungua. Mara nyingi chanzo ni vumbi lililoziba njia ya hewa, au kukauka kwa krimu ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa. Kusafisha na kupaka upya ni kazi ndogo: mwombe fundi aifanye mbele yako. Akibadilisha kipuri, dai kile cha zamani pamoja na risiti. (Kutumia kompyuta juu ya godoro nako huziba matundu ya hewa.)

Ikiendelea kuzimika ilhali haijapata joto, tuhuma ihamie kwenye diski, RAM au chaja. Nakili mafaili yako kwanza.

Betri iliyovimba haingoji uchunguzi. Zima kompyuta, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa betri, uipeleke kwa fundi aiondoe.