Kikao cha mtandaoni kipangwe kwa mwenye mtandao dhaifu

Chukua mfano huu. Usiku unaingia ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la chama cha wakulima: "Kikao kesho 10:00, linki hii hapa." Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam anajua ni saa nne asubuhi, maana amezoea saa za ofisini. Mkulima wa Iramba, mkoani Singida, anaona kumi na kuelewa saa kumi jioni, kama atakavyoelewa mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili. Asubuhi anakwenda shambani. Jioni anapofungua simu, bei ya alizeti imeshakubaliwa na kikao kimefungwa.

Hapo hakuna mnara uliozimika wala programu iliyogoma. Makosa mengi ya vikao vya mtandaoni hutokea kabla hata mtu hajabonyeza linki, na kosa la saa ndilo linaloongoza. Mwaliko unapotumwa kupitia kalenda ya simu, kila simu huugeuza kulingana na saa ya mahali ilipo. Ukiunakili na kuubandika WhatsApp, unabaki maandishi matupu, kila mtu ausome anavyojua. Kwa hiyo andika "Jumanne, saa 4:00 asubuhi" na usiiache asubuhi nyuma. Kama kuna ndugu aliyeko Muscat, mwandikie kwamba kwake itakuwa saa 5:00, kwa sababu Oman wako mbele yetu kwa saa moja. Wa Uingereza wako nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao na saa tatu wakati wa baridi.

Mkoa wa Singida una kila sababu ya kuvijua vikao hivi vizuri. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 49,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 waliotawanyika kutoka Mkalama na Iramba kaskazini hadi Itigi na Manyoni kusini. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida mjini ni karibu kilomita 700 za barabara. Kumsafirisha mjumbe mmoja wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kutoka kijijini hadi mjini kwa kikao cha nusu saa kunakula nauli, chakula, na mara nyingine kitanda cha usiku. Hesabu hiyo wanaijua wafanyabiashara wa vitunguu wa soko la Misuna, wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi, na kila kamati ya harusi ambayo nusu ya wajumbe wake wako Dodoma, Arusha na Dar. Wanaijua zaidi wenye msiba, ambao huhitaji kuamua leo hii na hawana muda wa kumsubiri mtu ashuke kwenye basi.

Kwa wakubwa jambo hili limeshazoeleka. Kampuni ya Zoom ilisema ilikuwa na washiriki wa vikao milioni 10 kwa siku Desemba 2019. Ilipofika Aprili 2020, katikati ya korona, ilitaja milioni 300. Februari 27, 2021 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walifanya mkutano wao wa kawaida wa 21 kwa njia ya video. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga kanuni za kuendesha mashauri ya mahakama kwa mbali. Sasa zamu ni ya vikao vidogo, na hivi ndivyo vyenye watu wasiofanana kwa simu, bando wala mnara.

Msimamo wangu ni mmoja: anayeitisha kikao akipange kwa kumfikiria mjumbe mwenye mtandao dhaifu kuliko wote. Mwenye kompyuta na nyaya za faiba ofisini atasikia tu, hata mambo yakipunguzwa. Mwenye 3G inayoyumba pembezoni mwa Mkalama hatasikia chochote mambo yakipangwa kwa kumfuata yule wa ofisini.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu kimya kimya. Sauti peke yake kwenye Zoom inahitaji takriban kilobiti 80 kwa sekunde. Kwa saa nzima hiyo ni MB 36 za kupokea, na zikijumlishwa na za kutuma, kiwango cha juu ni MB 72. Video ya kawaida ya watu wawili inahitaji kilobiti 600 kwa sekunde kila upande: saa moja inakula MB 540 kwenda na kurudi. Video angavu zaidi, ile ya kilobiti 1,200, inavuka GB 1 kwa saa. Mjumbe aliyenunua bando la GB 1 ili limfikishe mwisho wa wiki analimaliza kwenye kikao kimoja, kisa kamera za pande zote zilikuwa wazi zikionyesha kuta. Kwa sauti tu, bando hilohilo lingemhudumia saa 13 na zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kwenye kikao cha watu kumi, simu yako hutuma picha yako mara moja tu kwenda kwenye seva, lakini hupokea picha za wale wote wanaoonekana kwenye kioo chako. Ukichagua mwonekano wa nyuso zote, unazilipia zote. Ukichagua mwonekano wa msemaji peke yake, unapokea picha moja kubwa na mzigo unapungua. Mwenyekiti anayejua hili huwaruhusu wajumbe wazime kamera mara baada ya salamu. Najua kuna viongozi wanaona kamera iliyozimwa ni dharau. Nawaomba waache fikra hiyo. Nidhamu ya kikao ipimwe kwa michango, na mjumbe asilazimishwe kuchagua kati ya kuonekana na kusikika.

Kukatika kwa sauti nako kuna maelezo yake. Sauti yako hukatwakatwa vipande vidogo, kila kipande kikibeba sehemu ndogo ya sekunde, na kila kimoja husafiri kivyake. Kipande kikichelewa, programu haikisubiri. Hukitupa na kuendelea, ndiyo maana unasikia maneno yamekatika badala ya kusikia sentensi nzima ikiwa imechelewa. Na safari yenyewe ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Maneno ya mtu wa Kiomboi yanayokwenda kwa mtu wa Manyoni yanaweza kupanda mnara, kuingia kwenye Mkongo wa Taifa hadi pwani, kuvuka bahari kwa kebo hadi kwenye seva ya nchi nyingine, kisha kurudi njia ileile. Wahandisi wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wanashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende kwa raha. Sasa linganisha na hili: uchunguzi wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya mtu kumaliza kuuliza na mwenzake kuanza kujibu, kwa wastani hupita kama milisekunde 200 tu. Mtandao ukichelewesha maneno kwa nusu sekunde, mpangilio huo wote unavurugika. Wawili wanaanza kusema pamoja, wote wananyamaza kupishana, kisha wanagongana tena. Wapole na wenye adabu hunyamaza moja kwa moja, na kikao kinabaki cha wenye sauti kubwa.

Dawa yake iko kwa mwenyekiti. Asiulize "kuna mwenye maoni?" akaacha kimya kijibu. Awaite watu kwa majina, mmoja mmoja: "Mama, wewe wa Ikungi, unasemaje kuhusu tarehe hii?" Kisha ahesabu sekunde tano kabla ya kwenda kwa mwingine. Barazani mwenyekiti humwona mzee akitikisa kichwa na kujua hajaridhika. Kwenye simu kimya cha mzee huyo kinaweza kuwa ni kukataa, ni maiki iliyozimwa, au ni mtandao uliokata dakika mbili zilizopita. Uamuzi wowote wa fedha upitishwe kwa kuwaita wote kwa majina, na katibu aandike nani alijibu.

Katibu naye hawezi kuandika kama hawajui waliopo. Wengi wanaingia kwa jina ambalo simu imejiwekea, na orodha inajaa "TECNO Spark" na "Galaxy". Dakika tano za mwanzo zitumike kumwelekeza kila mtu abadilishe jina liwe lake na la kata yake.

Vijijini, njia inayofaa zaidi ni watu kukusanyika kwenye ofisi ya chama na kutumia simu moja au kishikwambi kimoja. Inaokoa bando, na wasio na simujanja nao wanahudhuria. Masharti ni machache lakini hayana mchezo. Chombo kimoja tu ndani ya chumba ndicho kiwe na maiki na spika vilivyo wazi. Wawili wakiingia kikao kimoja kwa simu mbili meza moja, spika ya hii inaingia kwenye maiki ya ile, na mwangwi unapiga kelele mpaka kila mtu anatoka. Kila simu ina ufundi wa kufuta mwangwi wa sauti inayotoa yenyewe, lakini haina habari na sauti ya simu ya jirani. Simu iwekwe katikati, juu ya kitabu au kitambaa, na msemaji aisogelee. Singida ni nchi ya upepo, kwa hiyo msikae chini ya mti hata kama kivuli chake kinavutia. Upepo ukipiga maiki, wa upande wa pili hasikii kingine. Na msimu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, epukeni saa za alasiri chini ya paa la bati lisilo na dari.

Kuhusu programu ipi itumike, sitakawia. Kikao kisichozidi watu 32 kinatoshea kwenye simu ya WhatsApp, ambayo karibu kila mjumbe anayo tayari. Zoom ya bure inapokea watu 100 kwa dakika 40, na Google Meet ya bure dakika 60 kwa idadi hiyohiyo. Dakika 40 zinatosha ajenda tatu zikiongozwa vizuri. Programu mpya ipakuliwe siku moja kabla, mahali penye mtandao mzuri, na ifanyiwe jaribio.

Linki yenyewe inahitaji uangalifu. Ile mistari ya herufi na tarakimu ina namba ya kikao, na mara nyingi nenosiri limefichwa humohumo. Aliyeishika linki ameshika ufunguo wa mlango, awe mjumbe au mpita njia. Ikisambazwa kwenye kundi la watu 200, hujui itaishia wapi. Nashauri mambo mawili. Kwanza, washa chumba cha kusubiria, ili mwenyeji amruhusu kila mtu baada ya kumtambua. Pili, usitumie ile namba ya kudumu ya akaunti yako kwa vikao vya watu wengi. Tengeneza linki mpya kila kikao, la sivyo aliyehudhuria mwezi jana anaweza kuingia leo bila mwaliko. Unapoituma, itume peke yake kwenye ujumbe wake, kwani ikinakiliwa ikaachwa herufi moja haifunguki, na mjumbe atadhani simu yake ndiyo mbovu.

Kurekodi kuna sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa sauti na sura ya mtu pia. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba kikao kinarekodiwa, kwa madhumuni gani, na nani atakayeitunza rekodi. Asiyeridhia asikilizwe. Kikao cha ukoo kinachojadili urithi au ugonjwa, kwa maoni yangu, kisirekodiwe kabisa.

Andaa pia njia ya pili kwa siku ambayo intaneti haipo. Mei 12, 2024 hitilafu kwenye kebo za baharini za EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani, na waliokuwa na vikao vya nje walibaki wakitazama duara linalozunguka. Yapo pia maeneo yenye 2G peke yake, ambako video haifai kujaribiwa. Serikali ilitia saini mikataba ya minara 758 ya vijijini huko Dodoma, Mei 13, 2023, na kila mnara unaowashwa unaongeza watu wa kuhudhuria, lakini wajumbe wenu wanahitaji kikao wiki hii. Simu ya kawaida inaweza kuunganisha hadi watu watano mbali na mpigaji, bila intaneti, hata kwa kitochi, mradi huduma hiyo imewashwa kwenye laini. Njia nyingine: aliyeko kwenye kikao cha Zoom ampigie mwenye kitochi simu ya kawaida, aweke spika, na azilaze simu hizo mbili karibu ili huyu asikie na asikike. Sauti haitakuwa nzuri sana, lakini mzee wa kijijini atakuwa ametoa neno lake kabla mahari haijapangwa.

Baada ya kikao, usiwatumie wajumbe rekodi ya video yenye mamia ya MB. Katibu aandike muhtasari mfupi, mambo yaliyoamuliwa, nani afanye nini na lini, autume kama maandishi ya kawaida kwenye kundi, na kwa SMS kwa wenye kitochi. Kisha wajumbe waliokatika katikati wapewe hadi kesho yake jioni kusema kama kuna jambo lililopita bila wao kulisikia, na hoja zao ziandikwe kwenye muhtasari huohuo kabla haujasainiwa.