Sanduku Dhidi ya Meno

Msomaji wetu wa Kisongo ameandika kuhusu simbilisi wawili wa mwanawe. Upepo, vumbi na baridi ya Julai vilimfanya awahamishie ndani ya nyumba, katika sanduku la paini lililopigwa na seremala wa jirani. Haukupita mwezi, kona moja ikatoboka, na chini yake akakuta unga wa mbao. Anauliza: anunue mbao ngumu zaidi?

Asinunue. Mbao ngumu itachelewesha tundu, haitalizuia. Habari za vipimo vya banda, chombo cha maji na matandiko atazipata kwa mfugaji yeyote; mimi nataka tuyatazame meno, kwa sababu humo ndimo lilimo jibu lake.

Simbilisi ana meno 20. Manne ya mbele, mawili juu na mawili chini, hayakui yakakoma kama yetu. Kila moja limejipinda ndani kabisa ya taya, na mwisho wake wa ndani uko wazi, umejaa seli changa zinazotengeneza jino jipya usiku na mchana. Jino husukumwa kutoka nyuma maisha yote. Kwa panya wa maabara, meno hayo hukua zaidi ya milimita 2 kwa wiki.

Sasa mtazame seremala akinoa patasi. Hanoi pande zote mbili. Mgongo anauacha bapa, anasugua ubavu mmoja tu kwenye kinoo, mpaka mteremko ukutane na mgongo kwenye mstari mwembamba. Jino la simbilisi limeundwa vivyo hivyo. Enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, imefunika upande wa mbele peke yake. Nyuma yake ni dentini, ambayo ni laini zaidi. Meno ya chini yakisuguana na ya juu, dentini huisha upesi na enameli hubaki imechomoza: hayo ndiyo makali. Lakini patasi ikifanya kazi kutwa, jioni ni butu. Jino likifanya kazi kutwa, jioni linakata, kwa kuwa kazi yenyewe ndiyo kinoo. Tena patasi hupungua mwaka hadi mwaka mpaka ikaribie mpini, ilhali jino huletewa chuma kipya kutoka nyuma kila siku. Kwa degu, ndugu wa simbilisi kutoka Chile anayefugwa sana majumbani Ulaya, hata neno chuma si la mfano: enameli yake ina madini ya chuma, na ndiyo maana meno yake ni ya rangi ya machungwa.

Nyuma ya meno hayo kuna nafasi tupu mpaka kwenye magego. Sikubali kuiita pengo, maana hakuna jino lililong'oka. Ni mwanya, na una kazi: mashavu hujikunja ndani yake na kuziba njia, hivyo mnyama anaweza kuguguna bila kumeza. Ule unga wa pale konani ni ushahidi kwamba sanduku liligugunwa, halikuliwa.

Jino hili lina udhaifu mmoja. Ni shida kwake kuanzia katikati ya ubao bapa. Linahitaji ukingo wa kushika. Basi ndani ya sanduku kusibaki ukingo wa mbao ulio wazi. Vipande vya bati vikunjwe na kupigiliwa kwenye kona, kwenye mlango na kwenye matundu ya hewa, ncha zake zenye makali zikikunjwa nyuma. Wavu wa chuma upigiliwe upande wa ndani wa fremu, uifiche. Sakafu iwe ya ubao, kwani wavu huumiza nyayo.

Na cha kuguguna wapewe: tawi la mpera au la mforosadi. La mparachichi, mti uliojaa miteremko ya Meru, hapana. Majani yake ni sumu kwao.

Matawi hayasaidii magego, ambayo pia hukua maisha yote. Dawa yake ni nyasi. Nyasi hufyonza silika kutoka udongoni na kuitunza majanini kama chembe ngumu, na chembe hizo, pamoja na kutafuna kwa saa nyingi, ndizo huyapunguza magego. Simbilisi wa pumba na mahindi matupu huishia na magego ya chini yaliyoinama ndani na kuufunika ulimi, akafa njaa chakula kikiwa mbele yake. Familia za Iringa, Njombe na Kivu ya Kusini zinazowafuga jikoni na kuwatupia majani mabichi huwaepusha na balaa hilo. Wapewe pia pilipili hoho kidogo kila siku, kwa ajili ya vitamini C, ambayo simbilisi, kama sisi, hawezi kuitengeneza. Watafiti Holst na Frølich wa Norwei waliwasababishia simbilisi kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hiyo, kwa kuwalisha nafaka peke yake, wakachapisha matokeo mwaka 1907.

Kwa hiyo sanduku la paini lisitupwe. Tundu lizibwe kwa bati, kingo zifunikwe, na pesa ya mbao ngumu inunue marobota ya nyasi kavu mapema, kabla kiangazi hakijapandisha bei.