Sura ya Sita: Hesabu ya Hatari Huanzia Mwaka Gani?

Julai 1979, marais wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Monrovia, na kikao chao kikageuka kesi. Mshtakiwa alikuwa Tanzania. Tarehe 11 Aprili mwaka huohuo, majeshi ya Tanzania yakiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala na kumng'oa Rais Idi Amin wa Uganda. Jaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania waziwazi. Hoja yao haikuwa kwamba Amin alikuwa mtu mwema. Hoja ilikuwa kwamba nchi moja ya Afrika ikishavuka mpaka na kuiangusha serikali ya jirani, mlango umefunguliwa, na atakayepita kesho huenda asiwe na sababu nzuri kama za Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere.

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Nyerere mwenyewe ndiye aliyekuwa mstari wa mbele Cairo mwaka 1964 lilipopitishwa azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Alijua kuliko wengi kwamba bara lenye mipaka ya kuchorwa na wageni lingeweza kuwaka moto kila kona.

Basi serikali ikituhumiwa kwamba sera yake ya mambo ya nje inaifanya dunia kuwa mahali pa hatari zaidi, tuhuma hiyo hupimwaje? Nimeichagua kesi ya Tanzania kwa sababu sehemu kubwa ya vielelezo vyake imepita chini ya Mlima Meru. Arusha imekuwa makao ya jumuiya iliyovunjika, ukumbi wa mikataba ya amani, kisha mahakama ya waliouvunja mkataba mmojawapo.

Tuanze na jumuiya hiyo, ya Afrika Mashariki. Mkataba wa 1967 uliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania, na makao makuu yakawa Arusha. Chombo cha juu kabisa kilikuwa Mamlaka, yaani marais watatu wenyewe. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote wa Uganda akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. Nyerere alimpa Obote hifadhi na akakataa katakata kumtambua aliyempindua. Tangu hapo Mamlaka haikukutana tena. Reli, posta na ndege za pamoja ziliendelea kwa miaka kadhaa zikiwa kama mwili usio na kichwa, hadi 1977 Jumuiya ilipovunjika. Si Amin peke yake aliyeiua. Kenya na Tanzania zilikuwa zimekwishagombana kuhusu mali, faida na siasa za uchumi. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya na kuzuia magari ya watalii na ndege ndogo za Wakenya zilizokutwa nchini. Njia ya mpakani ya Namanga ilibaki imefungwa hadi 1983.

Hapo tayari tunahitaji kutenganisha vitu viwili ambavyo wabishi huvichanganya: gharama na hatari. Kufungwa kwa Namanga kuliwaumiza wafanyabiashara, madereva na ndugu waliotenganishwa na mpaka, na mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba ilikuwa sera mbaya. Lakini vita haikunukia. Sera inaweza kuwa ya kijinga bila kuwa ya hatari. Inaweza pia kuwa ya busara machoni pa raia wengi huku ikisogeza risasi karibu.

Mfano wa aina hiyo ya pili ni Septemba 1972. Wafuasi wa Obote waliokuwa wamehifadhiwa Tanzania walivuka mpaka kuishambulia Uganda. Sehemu ya mpango huo ilikuwa kuwarusha wapiganaji hadi Entebbe kwa ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, mali ya jumuiya ambayo Uganda ilikuwa mwanachama wake. Ndege ilipotua Uwanja wa Kilimanjaro, baina ya Arusha na Moshi, ili kuwachukua, matairi yakapasuka, na safari ikafia hapo. Waliokwenda kwa nchi kavu walipigwa Masaka na Mbarara. Amin akajibu kwa kutuma ndege kuishambulia Bukoba. Oktoba, kwa usuluhishi wa Siad Barre wa Somalia, pande mbili zilikubaliana Mogadishu kuyarudisha majeshi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani na kuacha kuwasaidia wapinzani wa upande wa pili.

Wanazuoni wa uhusiano wa kimataifa wana jina la hali hii: mtanziko wa usalama. Nchi hufanya jambo ili ijisikie salama, jirani akaliona ni tishio, naye akajibu kwa jambo ambalo linaipa ile ya kwanza sababu ya kuogopa kweli. Kwa maoni yangu, kwa mwaka 1972 mashtaka dhidi ya Dar es Salaam yanasimama. Shambulio lile halikumwondoa Amin. Lilimpa ushahidi wa kuwaonyesha askari wake kwamba adui yuko kusini, na likawapa wauaji wake kisingizio cha kuwatafuta watu wa Obote nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1978 ni habari nyingine. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Uganda yaliingia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, yakaua raia, yakapora ng'ombe, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo, la kilomita za mraba 1,800 hivi, sasa ni la Uganda. Wako wanaosema alikuwa akiwakimbiza askari wake walioasi. Wako wanaosema alitaka kuwapa kazi askari kabla hawajamgeukia yeye. Vyovyote iwavyo, kumtoa mvamizi nyumbani kwako hakuhitaji utetezi mrefu. Ubishi wa Monrovia unahusu kilichofuata. Amin alikwishaondoka Kagera. Januari 1979 Tanzania ilivuka kwenda Mutukula, ikaendelea hadi Masaka na Mbarara. Muammar Gaddafi wa Libya akatuma askari kumwokoa Amin, na ndege yake ya kivita iliyoilenga Mwanza iliangusha mabomu kwenye hifadhi ya Saanane na kuua wanyama. Machi, Waganda wa uhamishoni waliitwa Moshi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Arusha, wakaunda chombo cha kushika serikali chini ya Yusuf Lule.

Je, kuvuka kule kuliongeza hatari? Nimeiry na Obasanjo walilinganisha vita na amani, na ukilinganisha hivyo vita itashindwa siku zote. Lakini amani haikuwemo mezani. Kilichokuwemo ni Amin aliyerudi nyuma ya mpaka akiwa na jeshi lake zima na rafiki mwenye fedha za mafuta, huku Tanzania ikilazimika kuweka majeshi Kagera kwa miaka isiyojulikana, na Waganda wakiendelea kutoweka usiku. Kwa kipimo hicho, naona Nyerere alikuwa na haki. Utabiri wa Monrovia nao haukutimia kwa namna iliyoogopwa: kwa miaka mingi iliyofuata, hakukuwa na msururu wa marais wa Afrika waliovuka mipaka wakiinukuu Kampala. Na Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, iliupa umoja huo haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama panapotokea mauaji ya kimbari au uhalifu wa kivita. Nyerere aliishi hadi 1999. Ilibaki kidogo tu aione.

Tatizo liko baada ya ushindi, na hapo watetezi wa Tanzania hupenda kufunga kitabu. Lule aliondolewa baada ya siku 68. Godfrey Binaisa akafuata, naye akaondolewa na wanajeshi Mei 1980. Desemba ukafanyika uchaguzi uliompa Obote ushindi ambao wapinzani wake hawakuukubali kamwe. Muda wote huo askari wa Tanzania walikuwa Uganda, na hakuna aliyekuwa na shaka Dar es Salaam inampenda nani. Februari 1981 Yoweri Museveni aliingia msituni, na eneo la Luwero likageuka machinjio. Mwenye bunduki mjini mwa mwenzake huwa na lawama hata kwa yale anayoyatazama tu. Kwa hiyo kwangu mimi serikali ileile, chini ya kiongozi yuleyule, ilikosea 1972, ikapatia mapema 1979, ikakosea tena 1980. Anayetaka jibu moja kwa miaka yote minane ataibeba Tanzania mgongoni au ataisulubisha.

Sasa mnyororo unarefuka. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa wa Museveni walikuwamo watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, Fred Rwigyema na Paul Kagame. Walishinda Kampala Januari 1986. Tarehe 1 Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, chama cha wakimbizi hao, waliivamia Rwanda wakitokea Uganda. Mwaka 1992 mazungumzo yakaja Arusha, Tanzania ikiwa msuluhishi, na tarehe 4 Agosti 1993 ukatiwa saini Mkataba wa Arusha. Ulikuwa mkataba uliopimwa kwa rula: wizara 21, tano kwa chama cha Rais Habyarimana, tano kwa RPF, zilizobaki kwa vyama vingine, na katika jeshi jipya RPF wapate asilimia 40 ya askari na nusu ya maofisa. CDR, chama cha Wahutu wenye siasa kali, kiliachwa nje ya serikali. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Habyarimana, akirejea kutoka mkutano wa viongozi wa kanda Dar es Salaam, ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza.

Tangu hapo wapo wanaosema kwamba amani ya Arusha ndiyo iliyoongeza hatari, maana iliwapokonya wenye nguvu vitu vingi mno kwa mpigo mmoja na kuwaacha wamekata tamaa huku bunduki ziko mkononi. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Mkataba unaogawa jeshi la nchi huhitaji mlinzi, na mlinzi aliyeletwa, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha watu wapatao 2,500, alipunguzwa na Baraza la Usalama tarehe 21 Aprili hadi watu 270, damu ikimwagika. Lakini kati ya mkataba na panga yupo mtu aliyeamua. Kanali Théoneste Bagosora alikuwamo katika ujumbe wa serikali ya Rwanda kwenye mazungumzo ya Arusha. Miaka michache baadaye aliletwa tena mjini humohumo akiwa mshtakiwa, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa katika jengo la mikutano la AICC. Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008, kikapunguzwa kuwa miaka 35 katika rufaa. Mahakama haikuwashtaki wasuluhishi, na sioni kwa nini mwanahistoria afanye hivyo. Wasuluhishi wanaweza kulaumiwa kwa kutoona. Mnyororo wa sababu hukatika pale mtu mwingine mwenye akili timamu anapochagua kuua.

Burundi tuipitie haraka. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kupindua serikali, marais wa kanda walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi. Vilidumu hadi Januari 1999, vikiwaumiza wanyonge na kuwatajirisha wenye magendo. Gharama kubwa, hatari ndogo. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliokamilishwa na Nelson Mandela baada ya kifo cha Nyerere, haukusimamisha vita siku ile, lakini ndio msingi ambao vita hatimaye ilizimwa juu yake.

Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki nayo ina makao makuu Arusha, na imepokea ugomvi ambao mizizi yake iko 1994. Kongo iliingia mwaka 2022, na kikosi cha jumuiya kilichotumwa mashariki mwa nchi hiyo kiliondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kukataa kuongeza muda wake. Januari 2025 waasi wa M23 waliitwaa Goma. Rais Félix Tshisekedi hakushiriki kikao cha dharura cha wakuu wa jumuiya kilichoitishwa siku chache baadaye. Kinshasa huanza kuhesabu mwaka 2021, M23 waliporudi kushika silaha, na kwa hesabu hiyo hatari inatoka kwa jeshi la Rwanda lililovuka mpaka kuwasaidia. Kigali huanza 1994, wauaji walipokimbilia Kongo na kujipanga upya, na kwa hesabu hiyo hatari ni FDLR, kundi lenye mizizi kwa wauaji hao, na serikali inayoshirikiana nao. Mpatanishi anayeketi kati yao atabanwa kuhusu ardhi, madini na wakimbizi, lakini kabla ya yote atabanwa kuhusu tarehe, na hakuna upande ulio tayari kuihamisha ya kwake.